Usichome Kilichomo Sandukuni

Elegu, mpakani

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako umenikuta hapa Elegu, nimepanga foleni ya kuvuka kwenda Nimule, Sudan Kusini, trela limejaa saruji na karatasi za forodha hazijatoka. Umeniuliza swali moja tu: mchwa wameingia kwenye sanduku la bati lililo chini ya kitanda changu, je, uchome vilivyomo au utupe? Nimekupigia mara tatu simu haipatikani, nadhani umeme umekatika tena huko Tororo. Basi nakuandikia, na barua hii nampa dereva mwenzangu anayeshuka leo jioni, atakuletea mkononi.

Usichome. Tafadhali sana mama, usichome hata karatasi moja.

Kwanza livute sanduku mpaka barazani, penye kivuli, si juani, maana jua linakula rangi. Toa vitu kimoja kimoja. Udongo wa mchwa usiufute kwa kitambaa, utapaka. Tumia unyoya mkavu wa kuku, upanguse polepole kwenda upande mmoja. Sanduku likishakuwa tupu, liweke juu ya matofali manne, na matofali uyapake oili chafu iliyo kwenye dumu nyuma ya jiko. Oili isiguse karatasi.

Sasa nikueleze unachokishika, kwa sababu kosa ni langu kwamba umekua unaliona sanduku hili na sijakuambia kitu.

Juu kabisa kuna daftari la jalada la buluu. Hilo ndilo lililoita mchwa. Utotoni hatukuwa na gundi, nikabandika stempu kwa uji wa muhogo, na uji wa muhogo mchwa wanaupenda kuliko karatasi yenyewe. Wameusubiri karibu miaka hamsini.

Unajua babu yako alikuwa mtu wa relwe. Tulikaa kwenye kwota za relwe hapo Tororo, reli inapogawana, mkono mmoja ukienda Jinja na Kampala, mwingine Mbale na Soroti mpaka kaskazini. Katika zile nyumba walikaa Wajaluo wa Kisumu, Wateso, Wagisu, Wapadhola, Wakamba, na ndiyo maana Kiswahili kikawa lugha yetu ya bombani na ya kugombania mpira. Kila mtoto alikusanya kitu. Walikuwepo wa vizibo vya soda, ambavyo tulichezea dama. Walikuwepo wa viberiti vitupu, na wa paketi za sigara zilizokunjwa zikawa noti za kuchezea duka. Mimi na mtoto wa jirani, ambaye baba yake alikuwa fundi wa injini kutoka Kisumu, tulikusanya stempu.

Enzi hizo posta ilikuwa moja ya Afrika Mashariki, na stempu moja ilitumika nchi tatu. Nyingi zilichapwa majina yote matatu, ila mpangilio ulibadilika: hii inaanza na Uganda, ile inaanza na Kenya, nyingine inaanza na Tanzania. Mwaka 1971 zilitoka stempu za makombe ya bahari, na hizo ndizo nyingi zaidi katika daftari. Niliyajua makombe ya pwani kwa rangi na mistari yake miaka mingi kabla sijaiona bahari. Safari yangu ya kwanza Mombasa, tulipomaliza kupakia, nilishuka mpaka ufukweni nikaokota kombe moja nililolijua kwenye stempu. Nilishangaa kwamba lina uzito.

Namna ya kuzitoa kwenye bahasha ndiyo iliyonifunza subira. Tulikata kipande cha bahasha, tukakitia kwenye sahani ya maji ya vuguvugu, tukakaa kukitazama. Ukivuta mapema stempu inachanika mgongoni. Ikiwa tayari inaachia yenyewe, inateleza kama ganda la haragwe lililochemka. Tunailaza kifudifudi juu ya gazeti, gazeti jingine juu yake, na juu ya magazeti tofali. Asubuhi imenyooka. Kwa zile zilizonaswa na uji wa muhogo sasa hivi, fanya hivyo hivyo: kata ukurasa mzima, uloweke, usivute.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Wakubwa walizungumza juu ya ndege na mabehewa, nani atabaki na nini. Sisi watoto tuliona jambo moja, kwamba jirani zetu wanafunga mizigo kurudi kwao. Stempu zilikuwa zetu sote wawili, daftari moja. Tulikaa sakafuni tukazigawa: zinazoanza na Kenya zake, zinazoanza na Uganda zangu, na zinazoanza na Tanzania tukazichezea dama, mshindi anachukua. Alinishinda. Ndiyo maana katika daftari langu utaona kurasa mbili zenye alama za uji mkavu na hakuna kitu. Usizitoe hizo kurasa.

Chini ya daftari ndipo mambo ya kampeni yanapoanza, na hapo nataka usome taratibu.

Mwaka 1980 nilikuwa na miaka 14. Uganda ilikuwa inapiga kura baada ya miaka 18, tangu ile ya 1962. Mji ulijaa karatasi. UPC alama yao kiganja cha mkono, DP jembe, na vyama vingine viwili, UPM na CP. Mkusanyaji ni mkusanyaji: niliona vyama vinne, nikataka vinne. Mkono na jembe vilipatikana kila ukuta. Cha CP kilikuwa adimu kwetu, watu wao wengi walikuwa Buganda, nikatoa stempu mbili za makombe kwa mtoto aliyekuja likizo kutoka Kampala akanipa kikaratasi kimoja kilichokunjwa mara nane. Nilivitunza vyote chini ya godoro, vimepangwa kwa mpangilio wa daftari. Kwangu ilikuwa seti iliyokamilika, ya kwanza maishani mwangu.

Kura ilipigwa tarehe 10 Desemba. Kesho yake Paulo Muwanga, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi iliyotawala nchi wakati ule, akatoa amri kwamba matokeo yatatangazwa na yeye peke yake. Babu yako alisikia hilo redioni akiwa amesimama, akazima redio. Usiku ule alipindua godoro langu. Hakunipiga wala hakuongeza sauti. Alikaa mbele ya jiko la makaa akatia karatasi moja, akangoja iishe, akatia nyingine. Niliona kiganja kikijikunja. Niliona jembe. Kikaratasi cha CP kilichelewa kushika kwa sababu ya mikunjo. Nililia nikamwambia, baba, mimi si wa chama, ninakusanya tu. Akanijibu, "Atakayekuja kupekua hataniuliza wewe unakusanya au la." Halafu akachukua daftari la stempu, akalifungua, akalitazama kurasa zote mpaka mwisho, akanirudishia.

Nilimkasirikia babu yako kwa miaka ishirini na saba. Nakuambia kweli, mwanangu, hata alipokufa mwaka 1994 lile donge lilikuwepo bado.

Nilipoanza kuendesha malori, tabia ile ikarudi, lakini sasa kwa nchi za watu. Unaingia mji wa mwenzio wakati wa kampeni huna kura, huna mjomba anayegombea, huna cha kupoteza. Unatazama kama nilivyotazama stempu: nani yupo, rangi gani, alama gani, na nani hayupo. Nilijiwekea sharti moja tu, lile la stempu. Mkusanyaji hatupi stempu ya nchi asiyoipenda. Nikichukua cha huyu lazima nitafute na cha mpinzani wake. Na nisipokipata, naandika kijikaratasi, mwaka na neno "sikupata", nakiweka mahali pake. Vijikaratasi hivyo utavikuta vingi. Usidhani ni takataka. Cha Rwanda 2017, kwa mfano: nilizunguka Kigali siku mbili kutafuta kitu cha wapinzani, nikaondoka na bendera ndogo ya RPF, chama tawala, na vijikaratasi viwili.

Kuna karatasi yenye ndizi na chungwa. Hiyo ni ya Kenya, Novemba 2005, kura ya maoni ya katiba: ndizi ilikuwa ndiyo, chungwa lilikuwa hapana. Chungwa likashinda, na kutoka hapo kikazaliwa chama cha ODM. Mama mmoja wa matunda kando ya barabara Nakuru aliniambia wateja walikuwa wakimwuliza yeye ni wa upande gani, kwa sababu alipanga ndizi mbele. Akapanga maembe mbele.

Baada ya hapo utaona kijikaratasi cha 2007 ambacho hakikuandikwa "sikupata". Kimeandikwa "nilichoma mwenyewe".

Nilikuwa navyo vyote viwili. Kofia ya ODM ya rangi ya chungwa, na fulana nyeupe ya Rais Kibaki iliyoandikwa "Kibaki Tena", nimevinunua Mombasa nikavikunja nyuma ya kiti. Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba. Tarehe 30 matokeo yakatangazwa, Kibaki akaapishwa jioni ile ile, na fujo zikazuka. Sisi tulikuwa njiani, tukaambiwa tusipite Burnt Forest, karibu na Eldoret, barabara imefungwa kwa mawe na matairi. Tulilala siku nne kwenye kituo cha mafuta, malori yamebanana, tunakunywa chai isiyo na sukari. Kila aliyefika kutoka mbele alikuja na habari ile ile: wanasimamisha gari, wanauliza lugha ya mama yako, wanapekua.

Usiku wa pili nikavikumbuka vile vitu nyuma ya kiti. Nilikaa navyo mapajani gizani kitambo kirefu. Fulana peke yake ingeniua kwenye kizuizi kimoja, na kofia peke yake ingeniua kwenye kizuizi kingine. Na vyote viwili pamoja, nani angenielewa? Nimwambie kijana mwenye panga kwamba mimi ninakusanya tu? Mimi na tanboi wangu, msaidizi wa lori, tulikwenda nyuma ya kituo, penye pipa lililokatwa, tukavichoma. Fulana ilishika upesi. Kofia ilikuwa ya nailoni, ikayeyuka, ikatoa moshi mweusi wa kukaba koo. Nikajiona nimechuchumaa nangoja kimoja kiishe ndipo nitie kingine, mikono imelala juu ya magoti, sawasawa na babu yako mbele ya lile jiko. Ni yeye mtupu. Na yeye alikuwa kaburini miaka kumi na mitatu, sikuwa na wa kumwambia.

Watu zaidi ya elfu moja walikufa Kenya katika wiki zile. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza fujo zile, ilihesabu 1,133. Kibera waling'oa kipande cha reli, reli ile ile aliyoitumikia babu yako. Huku kwetu petroli ikakosekana, kama mama yako anavyokumbuka. Mimi nilifika nyumbani salama, nikakubeba, ukaniambia nanuka moshi.

Hapa nilipo leo ndiyo njia ya bango lile kubwa lililokunjwa mara nne, lenye mkono. Ukilikunjua utaona mkono mmoja ulioinuliwa. Ni la Januari 2011, kura ya maoni ya Sudan Kusini. Wasiojua kusoma walikuwa wengi, kwa hiyo karatasi ya kura ilikuwa na picha: mikono miwili iliyoshikana kwa wanaotaka umoja, kiganja kimoja kilichoinuliwa kwa wanaotaka kujitenga. Nilipokiona kile kiganja ukutani Juba moyo ulinipasuka kidogo, maana mara ya mwisho nilikiona kikijikunja ndani ya makaa. Kura ilichukua wiki nzima, kuanzia tarehe 9 mpaka 15. Mama mzee aliyekuwa akituuzia chai alikuwa ameufunga mkono wake wa kulia kwa mfuko wa nailoni, anaosha vikombe kwa mkono mmoja. Nikamwuliza ameungua? Akaufungua mfuko, akanionyesha kidole chenye wino. Hakutaka maji yauguse. Waliochagua kujitenga walikuwa 98.83 kwa mia. Sijui kama yule mama yupo. Desemba 2013 vita vilipoanza Juba, kibanda chake hakikuwepo tena nilipopita. Bango la mikono miwili nililitafuta sana. Kijikaratasi chake kipo.

Vya Tanzania ni vingi, kanga na vitambaa, vikague kama mchwa wamepenya. Ni vya 2015, Magufuli wa CCM na Lowassa wa Chadema wakigombea urais. Nilikaa Kahama siku tatu lori likiwa bovu, mbele ya fundi cherehani mmoja. Asubuhi anashona bendera za kijani na njano za CCM, mchana anabadili uzi anashona za Chadema. Rundo kushoto, rundo kulia, katikati mashine. Redioni Magufuli anasema hapa kazi tu, barabarani wanapita wa Lowassa wanaimba mabadiliko, na yule fundi hakuinua kichwa. Nilinunua moja ya kila rundo, akanipa na mabaki ya vitambaa vilivyoangukia sakafuni vimechanganyika. Hayo mabaki ndiyo nayapenda. Yamefungwa kwa uzi mwekundu.

Kuna karatasi moja ndogo ya daftari la shule imeandikwa kwa kalamu ya wino, majina ya wagombea, na alama ya vema. Tafadhali hiyo ishike kwa ncha za vidole. Ni ya Beni, Kongo. Uchaguzi wao ulikuwa tarehe 30 Desemba 2018, lakini Beni na Butembo waliambiwa watapiga kura Machi mwaka unaofuata, kwa ajili ya ebola na usalama, wakati rais angeapishwa Januari. Watu wa Beni hawakukubali. Siku ile ile ya kura wakajipanga foleni wenyewe, wakanawa mikono kuonyesha kwamba wanaweza kujilinda, wakapiga kura yao ambayo walijua haitahesabiwa. Mimi nilikuwa Kasindi, sikuona. Dereva mwenzangu aliyekuwa Beni ndiye aliyeniletea karatasi hiyo, imo ndani ya kasha la dawa ili isikunjwe. Katika vyote nilivyo navyo, mwanangu, hakuna nilichopewa kwa heshima kama hicho.

Kile kiwilibaro cha plastiki cha kuning'inizia funguo ni cha Kenya, Agosti 2022, ni cha Ruto. Kiko na beji ya Raila, mpinzani wake. Mwaka ule sikuchoma kitu. Tume yao ya uchaguzi iliweka fomu za matokeo ya vituo vyote kwenye intaneti, zaidi ya 46,000, na usiku kucha pale Malaba vijana walikaa na simu wakizipakua moja moja, wanajumlisha, wanaulizana nani ana za Turkana, nani ana za Kwale. Niliwatazama nikatamani yule rafiki yangu wa Kisumu awepo.

Ulipokuwa darasa la sita uliniuliza mbona sina kitu cha Uganda. Nikakuambia ukalale. Chini kabisa ya sanduku kuna bahasha ya kaki, mchwa huenda wameifikia ya kwanza, nimeandika juu yake "Uganda". Ni tupu. Kila uchaguzi naitoa, naiweka mezani, nafikiria alama za vyama vyetu, basi la NRM, ufunguo wa FDC, mwavuli wa NUP. Kisha naona mikono ya babu yako na nairudisha. Ng'ambo ya mpaka mimi ni mtazamaji. Hapa ni baba mwenye nyumba na watoto ndani. Sijui kama ni busara au ni woga, na sitakudanganya kwamba najua.

Wewe sasa umefika umri wa kupiga kura. Bahasha hiyo nakupa. Kama utaitia kitu, tia vya wote, na usichokipata kiandikie kijikaratasi. Na kama hutaki kutia kitu, iache ilivyo, lakini isichomwe.

Foleni imesogea, dereva wa nyuma yangu anapiga honi. Ijumaa nitakuwa Juba, nikipata mtandao nitakupigia. Msalimie mama yako umwambie goti halinisumbui. Gundi nunua dukani. Shilingi elfu tano iko ndani ya kikombe cha bati. Uji wa muhogo usiuguse.

Baba yako